Ndoa ya Tanga na ndoa ya Leicester: talaka ianzie wapi?

BintiPwani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi wa sheria na wa wale waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu huu ni mwezi wa tatu nahangaika na jambo hili na sijui nishike lipi.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya Kiislamu Tanga mwaka 2013, tukapewa cheti. Mwaka 2018, tukiwa tunaishi Leicester, mtu tuliyemwamini alitueleza kwamba cheti cha nyumbani hakitambuliki Uingereza, nasi tukaenda kwa msajili tukafunga ndoa ya serikali. Tulipoulizwa kama tumewahi kuoa au kuolewa tulijibu hapana, tukidhani swali linahusu ndoa na mtu mwingine. Leo vyeti vyote viwili viko mezani mbele yangu. Cha Tanga kina dole gumba la babu yangu, aliyekuwa walii, kwa wino wa zambarau, na jina langu limeandikwa kwa majina mawili; cha Leicester kimepigwa chapa na kina majina matatu kama pasipoti.

Mume wangu alirudi Dar es Salaam mwaka 2022, na Januari mwaka huu akanitumia talaka kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp usiofika hata robo dakika. Eda nimekaa na imekwisha. Kibali changu cha kuishi hapa ni cha kudumu. Je, mimi nina ndoa moja au mbili mbele ya sheria? Nidai talaka nchi ipi, au zote mbili? Na nyumba ya Kigamboni, tuliyoijenga kwa mshahara wake na kwa zamu zangu za usiku za kutunza wazee, imeandikwa jina lake peke yake.

WakiliMzizima

Wa alaykum salaam, dada yangu, na pole sana.

Una ndoa moja yenye vyeti viwili. Ndoa iliyofungwa nje hutambuliwa Uingereza ikiwa ilifuata sheria ya mahali ilipofungwa na wahusika walikuwa na uwezo wa kuoana, kwa hiyo mliyemwamini aliwapotosha. Kama ndoa ya Tanga ilikuwa halali, iliwafanya mume na mke tangu 2013, na shughuli ya 2018 haikuzaa ndoa nyingine juu yake. Ndoa ya kuvunjwa ni ile ya Tanga, na cheti cha Leicester kitajwe wazi katika maombi. Lile jibu la "hapana" mlilompa msajili lisifichwe, wala usilieleze wewe mwenyewe kwenye fomu kabla ya kuonana na wakili wa huko, kwa kuwa kumpa msajili taarifa ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai, na ni muhimu ieleweke tangu mwanzo kwamba mlikosea kwa kutoelewa swali.

Kuhusu ujumbe wa sauti: kwa upande wa dini umekwisha kukaa eda, nami sina la kuongeza. Lakini kwa sheria ya Uingereza, talaka inayopatikana ndani ya nchi ile haitambuliki isipokuwa imetolewa na mahakama ya kiraia. Na Tanzania Bara nako, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikubali kwamba kutamka talaka peke yake kumevunja ndoa. Shauri hupita kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha, talaka iliyotamkwa baada ya hapo ndiyo inayoipa mahakama msingi wa kutoa amri. Hivyo kwa serikali zote mbili wewe bado ni mke wa mtu, na ukiolewa leo utajiingiza katika matatizo makubwa.

Pa kufungulia shauri, kwa maoni yangu, ni Uingereza. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mwombaji wa England na Wales hahitaji kuthibitisha kosa la mwenzake. Anatamka tu kwamba ndoa imevunjika. Zinapita wiki 20 tangu maombi yasajiliwe kabla ya kuomba amri ya masharti, ambayo ni hatua ya kwanza, kisha wiki 6 na siku moja kabla ya kuomba amri ya mwisho, ile inayovunja ndoa. Wewe umeishi huko zaidi ya mwaka mmoja, na hilo linakupa haki ya kuomba hata kama mume yuko Dar es Salaam, ingawa hati lazima zimfikie. Amri hiyo itatambuliwa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu inaipokea amri ya mahakama ya nje ikiwa mmoja wa wanandoa ameishi katika nchi hiyo kwa angalau miaka miwili kabla ya kufungua shauri. Huhitaji talaka ya pili; unahitaji kuileta hiyo moja nyumbani, ukiwa na nakala iliyothibitishwa, ili kumbukumbu za RITA, wakala wa serikali wa usajili, zilingane na ukweli.

UmmuZahra_Reading

Mdogo wangu, nami nilikuwa na vyeti viwili, cha nyumbani na cha huku, nikapeleka maombi kwa cheti cha pili tu, kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza na kile cha kwanza kilihitaji tafsiri iliyothibitishwa. Nilipokuja kuitaja ndoa ya nyumbani katika maelezo ya mali, yote yakarudi mwanzo, nikapoteza miezi na ada nyingine, nayo sasa inazidi pauni 600. Tafsiri ile ingenigharimu kidogo sana kulinganisha na hayo. Ukiwa na kipato kidogo, omba msaada wa ada kabla hujalipa.

Tofauti ya majina nayo usiidharau. Andika maelezo ya kiapo kwamba mwenye majina mawili na mwenye majina matatu ni mtu mmoja.

Kwa wanaosoma ambao ndoa zao ni za Unguja au Pemba, mjue kwamba sheria ile ya 1971 haitumiki Zanzibar. Huko mambo yenu yako kwa Kadhi.

Babu_Barking

Kibali cha dada huyu ni cha kudumu, kwa hiyo talaka haimwondoi. Lakini wapo humu wanaoishi Uingereza kwa viza ya mwenza, na kwao uhusiano ukivunjika Wizara ya Mambo ya Ndani inapaswa kujulishwa, na kibali kinaweza kufupishwa, mara nyingi hadi siku 60. Aliyepigwa au kunyanyaswa asibaki ndani ya nyumba ile kwa kuogopa viza. Upo utaratibu wa kumpa mwathirika kibali cha miezi mitatu pamoja na haki ya misaada ya serikali, ili aombe ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Nimewaona mabinti wetu wakivumilia miaka kwa sababu tu hakuna aliyewaambia neno hili.

BintiPwani

Nawashukuru nyote. Wakili, kuhusu Kigamboni: nikipata amri ya mwisho huku, je, nyumba nitakuwa nimeiacha?

WakiliMzizima

Hapana, lakini usiombe amri ya mwisho kabla suala la mali halijawekwa sawa, na usiolewe tena kabla hujafungua madai yako, maana kuolewa kunaweza kukufungia mlango wa mahakama ya Uingereza. Mahakama hiyo inaweza kuihesabu nyumba ya Kigamboni katika mgawanyo, ila kuitekeleza amri juu ya ardhi ya Tanzania ni kazi nyingine. Hapa kwetu, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia mchango wa kila mmoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Wewe unazo na fedha ulizotuma. Kusanya risiti zote za kutuma fedha tangu ujenzi ulipoanza, hata za shilingi chache. Na kama mliishi humo kama makazi ya familia, mwambie wakili aweke zuio kwa Msajili wa Hati wiki hii ili nyumba isiuzwe, kabla mume hajapelekewa hati za mahakama.

BintiPwani

Risiti ninazo tangu 2016, ziko katika kopo la maziwa ya unga. Kesho naanza kuzipanga kwa tarehe.