Mimi ni shoto na yamebaki majuma 6 kabla ya mafunzo ya kufuzu mashindano ya bastola: nianzie wapi?

Shoto wa Nkuhungu aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu.

Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola. Nimepata nafasi katika mafunzo ya siku 2 ya kuwapima wanaoanza, ambayo mtu akifuzu huruhusiwa kushiriki mashindano yanayofuata kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, nchini Marekani. Mafunzo yatafanyika nje ya mkoa wetu wa Dodoma, na yamebaki majuma 6.

Ninamiliki kwa leseni bastola ya milimita 9, ambayo niliiomba kwa sababu ya biashara yangu ya kununua alizeti Kongwa na Kondoa. Hata hivyo, tangu nimeipata sijafyatua zaidi ya risasi 50, na zote nilizifyatua nikiwa nimesimama mahali pamoja mbele ya karatasi moja. Sijawahi kuichomoa kiunoni na kufyatua papo hapo, sijawahi kuhama nayo kutoka shabaha moja hadi nyingine, wala sijawahi kubadilisha magazini huku muda unahesabiwa. Zaidi ya hayo mimi ni shoto, na karibu kila maelezo ninayoyapata yameandikwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kulia.

Kinachonitia hofu zaidi ni kasi. Nimetazama video za washindani na nimeona wanamaliza zamu yao kwa sekunde chache mno. Je, katika majuma haya 6 nifanye nini ili nisiwe mzito kuliko wenzangu wote? Risasi ni ghali na siwezi kwenda uwanjani kila juma. Je, mazoezi ya nyumbani bila risasi yana faida yoyote?

Kipenga alijibu:

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kuuliza mapema.

Nimesimamia washindani wanaoanza kwa miaka kadhaa nikiwa afisa wa uwanja, na ninaomba kwanza niihamishe hofu yako kutoka kwenye kasi na kuipeleka panapostahili. Katika mafunzo ya namna hii mkufunzi hapimi wepesi wako. Anapima kama anaweza kusimama nyuma yako kwa amani wakati umeshika bastola iliyojazwa, unatembea, umechoka, na akili yako imegawanyika. Wengi niliowaona wakishindwa walikuwa wapiga shabaha wazuri tu. Waliangushwa na kidole na mtutu.

Kidole ni lazima kiwe nje kabisa ya kikingo cha kifyatulio unapohama, unapobadilisha magazini, na unapoondoa risasi iliyokwama. Mtutu nao hauruhusiwi kuvuka nyuzi 90 kulia wala kushoto ukihesabu kutoka kwenye mstari unaoelekea kwenye tuta la nyuma ya shabaha. Ukikosea katika mojawapo ya mambo hayo, hupunguziwi alama: unaondolewa katika mashindano yote ya siku hiyo, hata kama bado una zamu 6 mbele yako. Ukiiangusha bastola, ambalo nalo ni kosa la kuondolewa, usijaribu kuidaka wala usiinamie kuiokota. Simama, ondoa mikono, na umwache afisa aichukue mwenyewe, kwa sababu mtu anayeidaka bastola inayoanguka ndiye anayekuta kidole chake kimebana kifyatulio.

Amri za uwanjani uzijue mpaka zikutoke usingizini. Katika mashindano ya ngazi ya 3 na kuendelea, yaani yale makubwa, hutolewa kwa Kiingereza, hivyo zijifunze katika lugha hiyo tangu sasa. Ya kwanza inakuruhusu kujaza na kujiweka tayari, na kabla ya hiyo mkono wako usiiguse bastola. Afisa atakuuliza kama uko tayari, atakutaka usubiri, na kati ya sekunde 1 na 4 baadaye utasikia mlio wa saa. Ukimaliza, utaambiwa utoe magazini na umwonyeshe kwamba chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu. Akiridhika ataamuru ufyatue kuelekea kwenye tuta kuthibitisha kwamba hamna kitu, kisha urudishe bastola kwenye mkoba wake wa kiunoni. Hapo mwishoni ndipo wanaoanza huharakisha, kwa kuwa moyo umekwisha kutua. Mwonyeshe chemba polepole, na wewe mwenyewe uitazame pamoja naye.

Kuhusu kasi nitakupa hesabu moja tu. Alama za kila zamu hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Kwa risasi za nguvu ndogo, ambazo ndizo wengi wa bastola za milimita 9 wanazotumia, eneo la katikati lina alama 5, linalofuata 3, la nje 1, na kukosa kabisa kunakukata alama 10. Chukua zamu ya risasi 8. Ukizipiga zote katikati kwa sekunde 10, una alama 40 na matokeo yako ni 4.00. Jirani yako akiharakisha kwa sekunde 7, akapiga 7 katikati na kukosa 1, anabakiwa na alama 25 na matokeo yake ni 3.57. Umemshinda kwa utulivu.

Mama Zabibu aliandika:

Mdogo wangu, mimi nilipita njia hiyo hiyo nikiwa na umri wa miaka 41, na ninaunga mkono kila neno la Kipenga. Ninachoweza kuongeza ni habari ya mazoezi ya nyumbani, kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha.

Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa karibu kila kitu utakachopimwa nacho kinaweza kujifunzwa bila kulipua risasi hata moja: kuchomoa, kushika, kuona kilengeo cha mbele, kubana kifyatulio bila kuutikisa mtutu, kubadilisha magazini, kupiga hatua. Lakini mazoezi haya yameua watu waliokuwa na hakika kwamba bastola ni tupu, kwa hiyo yafanye kwa utaratibu mkali. Risasi zote nilizifungia katika chumba kingine, pamoja na zile zilizokuwa ndani ya magazini za akiba. Niliitazama chemba kwa macho, nikaipapasa kwa kidole, kisha nikarudia. Watoto walikuwa nje ya nyumba au wamelala, na shabaha niliibandika kwenye ukuta wa tofali ambao nyuma yake hapana chumba wala njia ya watu. Nilipomaliza nilitamka kwa sauti, "Nimemaliza," nikaibandua karatasi ukutani, na baada ya hapo sikurudia hata mara moja. Ajali nyingi hutokea katika lile zoezi moja la ziada, baada ya mtu kuijaza tena bastola yake.

Dakika 15 kila siku zinatosha, na ni bora kuliko saa 2 za Jumapili. Juma la kwanza usichomoe kabisa. Weka sarafu ya shilingi 50 juu ya kilengeo cha mbele, kisha bana kifyatulio mpaka mwisho bila sarafu kuanguka. Mimi mwanzoni ilianguka kila mara, na nilikuwa nimejidhania mlenga shabaha. Kama bastola yako ni ya .22 usiifyatue tupu bila risasi bandia, kwa sababu pini yake inaweza kuharibika. Ya milimita 9 ya kisasa kwa kawaida huvumilia, ila soma kijitabu chake.

Kisha kuna lile kosa langu, ambalo ningependa likuepuke. Katika mashindano yangu ya kwanza nilikwenda kwenye meza ya usalama, yaani ile sehemu pekee ambapo mshindani anaruhusiwa kuishika bastola yake bila afisa kumwamuru. Nikafungua begi, nikatoa bastola, na pamoja nayo nikashika magazini iliyokuwa na risasi. Sikuijaza, sikuielekeza kwa mtu, nilikuwa naipisha tu ili nipate kitambaa. Niliondolewa kabla ya zamu ya kwanza, na nilirudi Dodoma nikilia njia nzima. Kanuni ni kwamba kwenye meza hiyo risasi haziguswi, hata zile bandia za mazoezi. Tangu siku hiyo risasi zangu hukaa katika begi la pili, lenye rangi nyingine, na begi hilo halikaribii ile meza.

Shoto wa Nkuhungu aliandika:

Nawashukuru sana. Dada Mama Zabibu, pole kwa yaliyokukuta, na nimekwisha kutenga begi la pili.

Nina mambo 2 yaliyobaki. Jana jioni nilijaribu kuhama bila risasi, kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine, na mume wangu akanipiga video. Nilipokwenda kushoto mtutu ulibaki ukutani vizuri, lakini nilipokwenda kulia huku nikibadilisha magazini niliona waziwazi kwamba ulielekea kule nilikokuwa nakwenda. Pili, uwanjani huwa najikuta nafumba macho na kuusukuma mtutu chini kabla tu ya mlio, na risasi zangu hutua chini ya pale nilipolenga. Je, haya yana tiba?

Babu wa Ihumwa alijibu:

Mwanangu, nimetumikia jeshi na nimefundisha vijana wengi kulenga. Hilo la kufumba macho tunalijua tangu zamani, na si woga. Ni mwili unaojihami na teke la bastola kabla halijafika.

Tafuta mtu mwenye leseni unayemwamini, mwende naye uwanjani, umpe magazini yako aipange yeye, akichanganya risasi za kweli na za bandia bila wewe kuona. Utakapofika kwenye ile ya bandia, kifyatulio kitabanwa, hakuna kitakacholipuka, na mtutu utauona ukiinama wenyewe. Bastola ikiwa imenyamaza namna hiyo, ielekeze kwenye tuta na uhesabu taratibu hadi 30 kabla ya kuifungua, maana si kila risasi isiyolipuka ni ya bandia. Mwenye kuliona kosa lake kwa macho yake hulirekebisha haraka kuliko anayeambiwa. Kama risasi zako ni chache, magazini 2 za namna hiyo zina thamani kuliko risasi 100 za kupiga mfululizo.

Kamata bastola kwa nguvu zaidi kwa mkono wa kulia, kwa kuwa ndio mkono wako wa kusaidia, ili kidole cha shahada cha kushoto kibaki huru kubana bila kukaza kiganja kizima. Na uliangalie jicho lako pia. Nyosha mikono, tengeneza kitundu kati ya viganja, kitazame kitu cha mbali kupitia kitundu hicho, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Wako shoto ambao jicho lao kuu ni la kulia, na hao hawana haja ya kubadili mkono: wageuze kichwa kidogo tu.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni vumbi letu. Upepo wa hapa katika miezi ya kiangazi unaijua njia ya kuingia kila mahali, na mafuta mengi ndani ya bastola huligeuza vumbi kuwa tope linalokwamisha. Paka kidogo, futa kinachozidi. Magazini iliyoanguka mchangani ifungue uisugue kwa brashi kabla ya kuitumia tena.

Kipenga alijibu:

Shikamoo Babu, umesema vyema.

Dada, ulichokiona kwenye video ndicho kilichoniondoa mimi mwenyewe siku moja, ila kwa upande wa pili. Mtu wa mkono wa kulia hunaswa anapokwenda kushoto, na shoto hunaswa anapokwenda kulia. Sababu yake ni kwamba kifua hugeukia kule uendako, viwiko hukunjwa ili magazini iingie, na mtutu hufuata kifua. Umejigundua ukiwa sebuleni, na ninafurahi kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Tiba ni kuitenganisha miguu na mikono. Bandika karatasi ukutani, na unapokwenda kulia iache mikono yako ielekee kwenye karatasi hiyo kana kwamba imefungwa kwa kamba, huku miguu ikienda kwa hatua fupi za ubavu. Usikimbie. Magazini ibadilishe kabla hujaondoka au baada ya kufika, usiibadilishe njiani, na wakufunzi wengi watakusifu kwa kuchagua hivyo. Mpe mume wako kazi ya kusimama nyuma yako na kukuambia "Stop", yaani simama, kila anapouona mtutu ukigeuka, kwa kuwa hiyo ndiyo amri utakayoisikia uwanjani, na ukiisikia unapaswa kuganda papo hapo. Juma la tano na la sita ulifanye hili kuliko jambo jingine lolote.

Hujauliza vifaa, lakini kimoja kinakuhusu wewe kuliko wengine. Miwani ya kinga, vizuia sauti vya masikio, kofia yenye ukingo, mkanda mgumu na magazini za kutosha vitakuwa kwenye orodha ya waandaaji. Mkoba wa bastola ndio wenye shida: ni lazima ukifunike kikingo cha kifyatulio, uishike bastola imara hata ukiinama, na uwe wa mkono wa kushoto. Mikoba ya shoto haipatikani kirahisi, na bastola nyingi za kisasa zina kitufe cha magazini kinachoweza kuhamishiwa upande wa pili, hivyo mwulize fundi mwenye kibali kabla ya kuzoea kukibonyeza kwa kidole cha shahada. Kabla ya kusafiri pitia kituo cha polisi kinachokuhudumia uelezwe utaratibu wa kuisafirisha silaha, maana chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 wewe mwenye leseni ndiye unayewajibika nayo njia nzima.

Waandikie waandaaji leo hii kwamba wewe ni shoto. Wakikujibu kwamba hawana mkoba wa kukuazima, nunua wako, na kama watakupa wa kulia kwa sababu "ni siku 2 tu", ukatae.