Shahada ya jirani: itambulike moja kwa moja, au ilinganishwe upya kila mara?

Wadau, tubishane kwa hoja. Tarehe 20 Mei 2017, hapa Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza kuwa jumuiya yetu ni eneo moja la elimu ya juu. Nilivyoelewa mimi, shahada ya Makerere ikifika Nairobi au Dar ni shahada, basi. Ila mwenye shahada ya nje akitaka uzamili hapa kwetu, bado anapeleka cheti kilinganishwe kwanza, yaani kipimwe kama ngazi yake ni sawa na shahada ya hapa.

Mimi nasema kitambulike moja kwa moja. Tuelewane lakini: kutambuliwa si kudahiliwa. Chuo kinaweza kukukatalia kwa sababu GPA yako (wastani wa alama) haitoshi au nafasi zimejaa. Kinachoondoka ni lile swali la kama shahada yako ni shahada kweli.

Wanaopinga wanasema tutafungulia mlango vyeti feki. Jamani! Wiki tatu tu kabla ya tangazo hilo, tarehe 28 Aprili, Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulikuwa wa vyeti vya kidato cha nne, cha sita na ualimu, vya humu humu ndani. Kujua kama cheti ni halali ni kazi moja, kukilinganisha ni nyingine. Ya kwanza ibaki, tena ikazwe.

Hoja ya miaka ndiyo ilinisumbua, mpaka nikakaa nikahesabu. Mkenya wa 8-4-4 (msingi miaka 8, sekondari 4, chuo 4) hakusoma kidato cha tano na sita, kwa hiyo watu wanamwona kama karuka ngazi. Haya, jumlisha: 16. Mtanzania naye kasoma msingi miaka 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3. Nayo ni 16! Sasa tunalinganisha nini?

Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg walishakubaliana kutambuliana shahada moja kwa moja mwaka 2015, na tangu Mei 2024 wana mkataba wa namna hiyo na Estonia, Latvia na Lithuania. Na hao lugha zao haziingiliani kama zetu.

Nikiri kitu, maana mtanibana tu. Binamu yangu alisoma nchi jirani, akaomba uzamili huku. Ngazi ya shahada yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa chuo chake cha zamani kutojibu barua pepe ya kuthibitisha kwamba alihitimu pale. Kila asubuhi anafungua simu, hamna kitu, mpaka dirisha la udahili likafungwa. Utambuzi wa moja kwa moja usingemwokoa. Angeokolewa na orodha ya pamoja ya wahitimu, ambayo chuo chochote cha jumuiya kinaingia na kuona jina lake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mnaopinga, niambieni: orodha hiyo ikiwepo, bado mtataka cheti kilinganishwe? Kwa sababu gani?