Naomba ushauri: biogesi ya makombo kwa jiko la chuo

Wakuu habari zenu, niko kamati ya mazingira chuoni kwetu na kinachoniuma ni jiko la kafteria, serikali ilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa mwisho Januari 31, 2024, ila huku magogo bado yanashushwa tu, mama zetu wapishi macho mekundu kila siku. Na hapo nyuma kuna mapipa ya makombo, ugali, wali, maganda ya ndizi, yote yanaenda dampo! Nawaza mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotoka kwenye makombo yakioza, shida makombo ya wanga yakizidi yanachachuka na gesi inakata. Samadi ya kuchanganya na makombo tunaweza pata kwa wafugaji jirani. Aliyewahi kuendesha anisaidie, mnachanganya kiasi gani? Mifupa na vijiti vya meno mnavitoaje? Jumatatu naonana na uongozi jamani.