Msaada: neno "papa" kwenye menyu ya lugha nne, Malindi

Chaza_wa_Pwani:
Salaam ndugu zangu. Naandaa menyu ya hoteli ndogo ya vyakula vya Kiswahili, Malindi mjini: Kiswahili, Kiitaliano, Kihispania na Kijerumani. Kinachonitatiza ni papa wa nazi. Kwenye rasimu nimeandika PAPA juu kwa herufi kubwa, maelezo madogo chini. Naambiwa Waitaliano watacheka. Nirekebishe nini kabla haijaenda kwa mchapaji?

Maalim_Irabu:
Watacheka, na wana haki. Kwa Kiitaliano, papa ni yule wa Vatikani. Mkazo wao uko silabi ya kwanza, sawasawa na wetu, kwa hiyo hata mhudumu akitamka tu "leo kuna papa", mgeni anasikia Baba Mtakatifu kapikwa. Baba mzazi ni papà, mkazo mwishoni na alama juu ya a. Ukizidisha p ikawa pappa, umefika kwenye uji wa mtoto. Kule Toscana kuna pappa al pomodoro, mkate uliorojeka ndani ya nyanya.

Asili zao pia mbalimbali. La Vatikani ni Kigiriki, pappas, yaani baba, likapita Kilatini. Papà waliazima kwa Wafaransa. Na sisi tunayo mawili: papa wa baharini, na Papa wa Wakatoliki kwa P kubwa. Ukiandika PAPA herufi kubwa tupu, hata Mswahili umemnyima alama ya kuyatenganisha. Andika "papa wa nazi" kwa p ndogo, chini yake "Squalo al latte di cocco".

Bi_Mbatata:
Shekhe kasema kweli, ila mzaha wa Waitaliano hauna hasara. Hasara iko kwa Kihispania. Amerika ya Kusini na Visiwa vya Canary, papa ni kiazi, neno la Kiquechua kutoka milima ya Andes. Mgeni wa Argentina akiona papa na nazi hatashuku kitu, maana viazi vya nazi ni chakula cha kawaida. Ataagiza, atashtuka sahani ikifika, na kulipa hatalipa. Weka "Tiburón en leche de coco". Wenyewe hutofautisha kwa jinsia ya neno: la papa ni kiazi, el papa ni wa Vatikani.

Sehemu kubwa ya Uhispania husema patata, mchanganyiko wa papa na batata, na batata ni la Wataino wa Karibi. Hilo la pili Wareno walilisafirisha, ndilo limekaa kwetu kwenye viazi mbatata. Kwa hiyo jikoni kwako lipo tayari, kaka.

Nanga_7:
Kijerumani: Papa ni baba tu. Samaki wako ni Hai, walilolipata kwa Kiholanzi, haai. Andika "Hai in Kokosmilch". Sasa angalia jikoni: karatasi ya oda ikiandikwa "Hai 2", mpishi atauliza kama samaki wawili bado wanapumua, kwa sababu hai yetu ni ya Kiarabu. (Mjapani naye atadhani umemjibu ndiyo.) Dawa ni kukipa kila chakula namba moja inayobaki ile ile katika lugha zote. Mgeni aonyeshe 14, mhudumu aandike 14.

Punda_wa_Amu:
Na kifungua kinywa je? Siagi kwa Kiitaliano ni burro. Kwa Kihispania burro ni punda. Huku Lamu, punda kila kichochoro, "pane e burro" ikisomwa na Mhispania mzaha hauishi. Kihispania weka mantequilla.

Chaza_wa_Pwani:
Ahsanteni. Hiyo ó ya tiburón naipataje? Na programu ya kutafsiri imenipa "potato".

Maalim_Irabu:
Umeipa neno moja, ikabahatisha lugha. Chagua Kiswahili kwa mkono, kisha weka sentensi nzima: "mchuzi wa papa, samaki wa baharini". Herufi yenyewe: kwenye simu bonyeza o uishikilie; kwenye Windows shikilia Alt, andika 0243 kwa vitufe vya namba vya pembeni. Mpelekee mchapaji PDF yenye fonti ndani yake, la sivyo ó inaweza kugeuka kisanduku. Ukitumia herufi kubwa alama ibaki: TIBURÓN.

Chaza_wa_Pwani:
Na kaa wa nazi?

Bi_Mbatata:
Kiitaliano granchio, Kihispania cangrejo, Kijerumani Krabbe. Ila mwambie mchapaji asiiguse hiyo "wa". Akiweka "la", umeuza kaa la jiko.