Santuri ya bendi ya Dire Straits ya marehemu mjomba, mbona nyimbo zimekatwa?

Mpwa_wa_Mikindani: Wakuu habari za jioni. Mjomba kaniachia santuri zake na mashine yake ya kupigia (wa mikoa mingine msishangae, huku kwetu mpwa ndo mrithi). Ipo ile Brothers in Arms, kava lina gitaa la chuma linaelea kwenye mawingu. Jana nimeiweka, Why Worry nnayoipenda toka mdogo naona inaisha hata sijakaa vizuri, kwenye simu inaenda dakika 8 na ushee hapa ni 5 na kidogo tu! So Far Away nayo hivyohivyo. Jamaa mmoja hapa Shangani anasema ni feki, nimpe kwa elfu kumi anisaidie. Nimpe?

Kanda_Mbovu: Anakupiga huyo 😂 usiuze. Iko hivi, upande mmoja wa santuri ukijaza dakika nyingi mifereji inabanana na sauti inakua ndogo, kwahiyo 1985 inatoka wakafupisha nyimbo za upande wa kwanza, CD na kanda ndo zikapewa zile ndefu. Santuri yote dakika 47, CD 55. Walk of Life ndo kama imeponea.

Binti_Lindi: Kweli kaka, baba alikua na kanda yake na Why Worry ilikua ndefu mpaka mi nasinzia. Afu hawa walirekodi kidijitali kule kisiwa cha Montserrat wakati wengi bado wako na tepu za kawaida, ndo maana CD ikawabeba, ndo albamu ya kwanza kuuza CD milioni moja.

Mzee_wa_Gita: Kuuza sana sio kua nzuri jamani. Ile ya kwanza yao ya 1978 yenye Sultans of Swing haina mbwembwe, gitaa la Knopfler, mpiga gitaa wao, unalisikia lenyewe. Humu Money for Nothing sijui kinanda sijui yule mwimbaji Sting analia mwanzoni, mi naruka.

Kanda_Mbovu: Mzee ruka tu, sie tuachie. Mpwa geuza upande wa pili hawajakata kitu huko.

Mpwa_wa_Mikindani: Nimegeuza, ule wimbo wa Brothers in Arms wenyewe uko dakika 7 vilevile kama wa simu, asanteni sana. Jamaa kapiga saa hizi kapandisha elfu thelathini, eti kwa feki hiyohiyo 😂