Tupeane uzoefu: mafaili yanayojizalisha yenyewe mnayazuiaje yasijazane kwenye git (programu ya kutunza historia ya kodi)?

Wakuu habari za mchana. Tumerithi projekti ya Laravel (fremuweki ya PHP), kuikloni tu (kuipakua kwenye mashine) bando linakata, kucheki ndani vendor yote imo, node_modules imo (mafolda ya maktaba za kodi zinazopakuliwa), hadi malogi yamo. Nimeandika .gitignore (orodha ya mafaili ya kupuuzwa) fresh kabisa ila git status bado inanionyesha yaleyale. Nyie mlifanyaje?

—

Mkuu .gitignore haigusi faili ambalo git ameshalijua. Piga git rm -r --cached vendor node_modules halafu komiti (hifadhi mabadiliko kwenye historia), kwako yanabaki ila git anaacha kuyafuatilia. Waambie na wenzio mapema, maana wakipuli (wakivuta mabadiliko) kwao yanafutika kabisa, inabidi wayapakue upya kwa composer install na npm install. Kwetu kuna jamaa alipuli kwenye seva ya laivu usiku wa manane, sitaki hata kukumbuka simu zilivyoita.

—

Sawa ila bando halitapona, historia bado imeyabeba yote. Timu yetu ilikuwa inakomiti apk (faili la app ya Android) za Flutter kila toleo, siku moja ikavuka MB 100 GitHub wakaikataa, ikafutwa, ikakomitiwa upya, ikakataliwa tena kwa sababu komiti ya nyuma bado inayo 😂 Dawa ikawa git filter-repo, inayoandika historia upya bila mafaili hayo, na hapo kila mtu anakloni upya maana hashi (namba za utambulisho) za komiti zinabadilika. Kama unataka tu kufanya kazi leo, git clone --depth 1, inavuta hali ya mwisho tu bila historia.

—

Msije mkafuta na composer.lock (inayoandika vesheni kamili za maktaba) kisa nayo inazalishwa! Dogo wa field aliiweka kwenye ignore, app kwake inawaka kwangu inagoma, kumbe kila mtu ana vesheni zake. Maigrationi ya Django (mafaili ya mabadiliko ya database) ni hivyohivyo, yanakaa ndani.

—

Mimi nitapingwa ila kuna mteja hosting yake haina SSH (njia ya kuendesha amri kwenye seva), kompoza huiendeshi hata ufanyeje, kwa hiyo vendor naikomiti makusudi na nalala usingizi.

—

Acha mambo hayo mkuu, jenga kwako kisha upandishe zipu, repo haihusiki.

—

Asanteni, vendor imetoka. Ila naona .env (faili la paswedi na siri za app) nayo ilikuwemo tangu komiti ya kwanza, nayo niitoe kwa --cached?

—

Badilisha paswedi ya database kwanza. Sasa hivi. Kuitoa utaitoa baadaye.