MJADALA: Mtu kapangiwa tarehe ya kuuawa Texas, simu yako kwa gavana ina maana yoyote?

Wakuu habari zenu. Hili nalileta huku kwa sababu kwenye grupu letu la WhatsApp, sisi Waafrika Mashariki wa huku Dallas, kila tarehe ya mtu kuuawa ikitangazwa tunagawanyika vibaya. Wengine wanasambaza namba ya ofisi ya gavana, pigeni pigeni jamani. Wengine wanasema acheni mambo ya watu, sisi ni wageni hapa, fanyeni kazi mtume hela nyumbani. Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili tusizunguke: simu zinasaidia, tatizo ni kwamba wengi tunampigia mtu ambaye kalamu haiko mkononi mwake.

Chukua Texas yenyewe. Watu wengi hawajui kuwa gavana wa hapa peke yake hawezi kumbadilishia mtu adhabu ya kifo. Anachoweza bila kumuomba mtu ni kusogeza tarehe siku 30, mara moja, basi. Zaidi ya hapo lazima bodi ya msamaha, watu saba wanaoteuliwa na gavana huyo huyo, wapendekeze kwanza kwa kura nyingi. Na mara nyingi hawakai hata chumba kimoja kujadili, kila mmoja anasoma faili lake kivyake na kutuma kura yake, siku moja au mbili tu kabla ya tarehe. Sasa wewe unampigia gavana asubuhi ya siku ya mwisho wakati bodi ilishapiga kura ya hapana jana yake, unategemea nini?

Kesi ya Robert Roberson ndo imenifundisha hili. Huyu alihukumiwa 2003 kwa kifo cha bintiye wa miaka miwili, madaktari wakasema mtoto alitikiswa kwa nguvu. Miaka ikapita, sayansi ile ikaanza kutiliwa shaka, hadi mpelelezi aliyesimama mahakamani dhidi yake, Brian Wharton, akajitokeza kusema anaamini jamaa hana hatia. Tarehe ikapangwa 17 Oktoba 2024. Bodi ikapiga kura 6 kwa 0, hapana. Gavana kimya. Watu wakaona imeisha hiyo. Lakini kuna waliokuwa wameshawafuata wabunge wa jimbo kitambo, na kamati ya Bunge la Texas, Joe Moody wa Democrat na Jeff Leach wa Republican wakiwa mstari wa mbele, ikafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, wakamtumia Roberson samansi aje kutoa ushahidi mbele yao tarehe 21. Maana yake huwezi kumuua shahidi wa bunge kabla hajafika. Usiku ule ule Mahakama Kuu ya jimbo ikasimamisha. Baadaye mwezi Novemba mahakama hiyo hiyo ikasema samansi ya bunge haiwezi kuzuia mtu kuuawa, kwa hiyo mlango huo umefungwa, ila mtu alishapata muda. Wakapanga tena 16 Oktoba 2025, na tarehe 9 mahakama ya rufaa ya jinai ikasimamisha. Mwaka mzima ule ulitoka kwa wabunge.

Kwa hiyo nikipiga simu mimi naanzia kwa mbunge wangu wa Bunge la Texas. Na haichukui muda jamani, anapokea kijana wa ofisini, anauliza jina na zipu kodi (namba ya posta ya eneo unalokaa), unasema unaomba mheshimiwa apinge kuuawa kwa fulani na sababu yako moja, anaandika, anakushukuru, mmemaliza. Hakuna anayekuuliza karatasi zako. Ukikaa eneo lake wewe ni mtu wake.

Nyie mnaonaje? Na wanaopinga waje pia, kwa hoja.

Mchangiaji wa 1: Mkuu nimekusoma mpaka mwisho ila kuna mtu umemsahau kabisa, aliyeuawa. Mnaimba sana ile ya Julius Jones wa Oklahoma, aliyehukumiwa kifo kwa kumuua Paul Howell, sawa, lakini huyo Howell alipigwa risasi 1999 kwenye ua wa nyumba ya wazazi wake, dada yake na watoto wake wawili wadogo wakiwa hapo hapo kwenye gari. Hiyo familia imekaa zaidi ya miaka 20 inasubiri sheria ifanye kazi, halafu wanakuja watu milioni sita kusaini kwenye intaneti, wengi hata Oklahoma kwenyewe hawajawahi kufika, wanamwambia gavana amsamehe. Hao wanaopiga simu kuna hata mmoja alipiga kwa hao watoto kuwapa pole? Mahakama imesikiliza, rufaa zimesikilizwa, tuheshimu. Kelele zisiwe ndo mahakama.

Mchangiaji wa 2: Mimi niko Mombasa nina swali kwa mleta mada. Hiyo ya kalamu iko mkononi mwa nani ni kweli kabisa lakini Saudia ni hadithi nyingine. Kesi ya Mkenya mwenzetu Stevo (Stephen Munyakho), aliyehukumiwa kifo huko kwa kuua, mnaikumbuka, mamake mwanahabari mkongwe alivyozunguka akiomba, watu wakashinda kwa serikali ya Kenya ongeeni na Mfalme ongeeni na Mfalme. Lakini kisasi huko ni haki ya warithi wa marehemu, si ya serikali, wao ndio husamehe au wakubali diya, yaani fidia ya damu. Serikali zikaomba tarehe isogezwe, ikasogezwa, ila kilichomtoa ni diya ya riyali milioni 3.5 iliyolipwa na Muslim World League, akawa huru 2025. Sasa kweli hizo simu kwa wakubwa wa Nairobi zilikuwa na faida gani?

Mchangiaji wa 3: Tuanzie nyumbani kwanza. Bongo adhabu ya kifo ipo kwenye sheria mpaka leo na watu wamejaa wanasubiri. Huku mnahangaika na Texas.

Mleta mada: Nimerudi, nilikuwa shifti.

Nianze na wa Mombasa. Faida ni hiyo tarehe kusogezwa. Warithi wana haki yao hakuna anayebisha, lakini hela ya diya haikupatikana kwa wiki moja wala mazungumzo na familia hayakuisha kwa wiki moja. Bila ofisi ya mambo ya nje ya Kenya kusumbuliwa na wananchi wake mpaka ikaomba muda, diya ingelipwa kwa ajili ya maiti. Kwa hiyo Nairobi hawakuwa na kalamu ya msamaha, walikuwa na kalamu ya kuomba muda, na ndo hiyo watu waliyoibana.

Wa tatu uko sahihi, na nyumbani kalamu inaonekana wazi kuliko hata huku. Hakuna anayenyongwa bila rais kusaini, na tangu miaka ya tisini hakuna aliyesaini. Magufuli 2017 alisema hadharani kwamba yeye hatasaini. Lakini hiyo ni hiari ya mtu, si sheria. Akija rais mwingine mwenye mkono mwepesi hao wote wako mikononi mwake. Kwa hiyo mbunge wako wa huko naye apigiwe, sheria ibadilishwe wakati hakuna tarehe ya mtu ukutani, maana siku tarehe ikitoka mtakuwa mnakimbizana na saa.

Ndugu yangu wa kwanza, yako ndo nzito na sitaki kuipita. Familia ya Howell ina haki ya kusikilizwa kwa nguvu zote, na kweli wengi wetu tunaopiga simu hatutaji jina la marehemu, hilo ni baya tuliache. Ila usiseme familia zote zinataka kifo. Nenda Missouri, Septemba 2024, Marcellus Williams. Familia ya mwanamke aliyeuawa ilikuwa radhi Williams apewe kifungo cha maisha. Mwendesha mashtaka wa kaunti ile ile iliyomtia hatiani alikuwa anataka hukumu ifutwe. Kule gavana ana kalamu peke yake, hahitaji bodi. Watu walipiga, waliandika, Gavana Mike Parson akakataa, na tarehe 24 wakamuua. Kama ni kuheshimu familia, pale nani aliiheshimu?

Na huyo Julius Jones unayemsema, bodi ilipendekeza 3 kwa 1 apunguziwe, Gavana Stitt akasaini saa chache kabla, maisha bila paroli. Hakuachiwa, yuko jela mpaka leo. Kikitokea kesho kithibitisho kwamba ni yeye au si yeye, yupo wa kukisikia.

Aliye Texas anayetaka kujua mbunge wake wa jimbo ni nani aweke mji anaokaa, nitamsaidia kumtafuta.